Lishe ya Paka na Mbwa: Habari za Taurini

Watu wengi wanaofuga paka na mbwa katika nyumba moja huwawekea chakula kimoja, wakidhani kwamba wanyama wawili walao nyama hawawezi kuwa na haja zinazotafautiana. Na dhana hiyo, ijapokuwa hushikwa aghalabu na watu wenye huruma, imewapofua na kuwaua paka wengi pasipo bwana zao kutambua sababu, mpaka wataalamu wa Marekani walipoichunguza kwa makini katika miaka ya 1970 na 1980.

Kila protini, iwe ya nyama, ya samaki au ya maharage, imeundwa kwa asidi amino, na miongoni mwa hizo zimo mbili zenye salfa, kitu kile ambacho wazee wetu walikiita kibiriti upele: nazo ni methionini na sisteini. Methionini haitengenezwi katika mwili wa mnyama, kwa hiyo ni sharti iletwe na chakula. Sisteini hupatikana kutokana na methionini hiyo, na ndiyo ishikamanishayo nyuzi za manyoya na kucha. Kutokana na sisteini mwili huunda taurini, ambayo Friedrich Tiedemann na Leopold Gmelin, wanazuoni wawili wa Kijerumani, waliitoa katika nyongo ya ng'ombe mwaka 1827. Taurini haiingii katika ujenzi wa protini. Hukaa huru katika misuli ya moyo, katika jicho na katika ubongo, na huungana na nyongo ili mafuta yaliyomo katika chakula yapate kuyeyuka.

Hapo ndipo paka na mbwa wanapofarikiana. Mbwa, maadamu anapata methionini na sisteini za kutosha, aghalabu hujitengenezea taurini imtoshayo. Paka naye anavyo vimeng'enya vya kazi hiyo, walakini nguvu zake ni haba mno, na nyongo yake haikubali kuungana na kitu kingine badala ya taurini, ilhali mwanadamu huweza kutumia glisini. Basi kila siku paka hupoteza sehemu ya akiba yake ya taurini kwa njia ya matumbo, na chakula kisipoirejesha, akiba hiyo hupungua kidogo kidogo, huku mwenyewe akionekana mzima, mwenye kula na kucheza.

Mwaka 1975 K. C. Hayes na wenzake walitangaza katika jarida la Science kwamba paka waliolishwa chakula ambacho protini yake ilikuwa kaseini ya maziwa waliharibikiwa na retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho upokeao nuru. Wanyama hawa hawakunyimwa protini hata kidogo. Walinyimwa taurini, nayo kaseini haina. Na retina ikisha kufa hairudi, hata paka akipewa taurini tele baadaye.

Khabari ya moyo ilichelewa kujulikana, nayo kwangu ndiyo yenye uchungu zaidi. Paka walikuwa wakifa kwa maradhi ya moyo uliotanuka na kulegea hata ukashindwa kusukuma damu, na matabibu waliyahesabu kuwa maradhi yasiyo na dawa. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walieleza juu ya paka 21 wenye moyo dhaifu na taurini kidogo katika damu, ambao wote walikuwa wakila vyakula vya paka vilivyonunuliwa madukani. Walipopewa taurini kwa kinywa, mioyo yao ilirudi kufanya kazi kama kawaida. Vyakula vile vilikuwa na taurini kwa kadiri iliyodhaniwa kutosha, lakini upishi wa viwandani huwapa vijidudu vya matumbo nafasi ya kuila zaidi, na ndiyo maana leo kanuni za Marekani hutaka gramu 1 kwa kila kilo ya chakula kikavu, na gramu 2 kwa kila kilo ya chakula cha makopo kikipimwa pasipo maji yake. Watengenezaji walipoongeza taurini, maradhi hayo yakawa nadra kwa paka. Hata hivyo mbwa hawakusalimika kabisa, kwani wengine wa jamii ya Golden Retriever, Newfoundland na American Cocker Spaniel wameonekana kupungukiwa.

Kwetu pwani watu wanaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie vidudu vya ardhini. Paka aliye huru hula panya na ndege, ambao miili yao ina taurini. Bali afungiwaye ghorofani na kupewa ugali, wali au maharage, vitu visivyokuwa na taurini ya kutajika, hana pa kuitafuta, na dhamana yake yote imo shingoni mwa amfungaye.

Basi mpe paka wako samaki, dagaa, moyo wa kuku au wa ng'ombe, na umchemshiapo usimwage supu, kwa sababu taurini huyeyuka majini na sehemu kubwa hubaki humo. Supu hiyo isitiwe kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwani salfa iliyo katika vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka na ya mbwa pia. Wala usimpe paka parasetamoli aonapo maumivu: ini lake halina njia ya kutosha ya kuiondoa sumu yake, na kidonge kimoja cha mtu mzima chaweza kumwua.