Farasi Hans na Kasuku Alex

Watu wa kila nchi wana desturi ya kusema na wanyama wao. Mchungaji huwaita ng'ombe wake kwa majina; mwenye paka humwuliza alikolala usiku; mwenye mbwa humwonya asiondoke mlangoni. Tena wako watu waliosema na wanyama wao kama mtu asemavyo na mwenziwe, hata wakasadiki kwamba kila neno limefahamika. Je, mnyama hufahamu kweli? Kuuliza ni rahisi, lakini kupata jibu la hakika ni kazi kubwa. Hayo yaonekana katika habari ya farasi mmoja wa Ujerumani na ya ndege mmoja wa Marekani.

Mwanzo wa karne ya 20, katika mji wa Berlin, alikaa mzee mmoja jina lake Wilhelm von Osten. Zamani alikuwa mwalimu wa hesabu, lakini alikuwa amekwisha acha kazi ya shule. Mzee huyu aliamini kwamba wanyama wana akili nyingi, ila wamekosa mtu wa kuwafundisha. Basi akamtwaa farasi wake, aitwaye Hans, akamfanya kuwa mwanafunzi. Alisimama naye uani mbele ya ubao, akamfundisha kwa subira kama afundishwavyo mtoto. Alimwonyesha vigingi vya mti, akavihesabu kwa sauti, kimoja, viwili, vitatu. Kisha akamfundisha tarakimu. Kwa kuwa farasi hawezi kusema, alifundishwa kujibu kwa kupiga kwato chini. Akijibu sawa, alipewa kipande cha mkate au karoti. Mafunzo hayo yalidumu yapata miaka minne.

Mwisho wake watu walistaajabu. Hans akiulizwa jumla ya nane na tatu, alipiga kwato mara 11, akaacha. Aliulizwa tarehe ya siku, akajibu. Aliweza hata kutaja jina la mtu, kwa maana kila herufi ilikuwa na hesabu yake ya mapigo. Watu wengi walifika uani kumtazama, na mzee hakuwatoza hata senti moja. Wengine walidhani kwamba yeye humpa farasi ishara kwa siri. Lakini Hans aliweza kuwajibu hata wageni, wakati bwana wake alipokuwa hayupo.

Mwezi wa Septemba mwaka 1904 baraza ya watu 13 ilikutana kuchungumza jambo hilo, nao waliongozwa na profesa Carl Stumpf. Miongoni mwao walikuwamo waalimu, mganga wa wanyama, ofisa wa askari wapanda farasi, na mtu wa michezo ya sarakasi aliyezijua hila zote za kuwachezesha wanyama. Walitafuta udanganyifu, wasiuone.

Baadaye kazi ya kuchungua iliendelezwa na mwanafunzi wa profesa huyo, jina lake Oskar Pfungst. Yeye aliuliza hivi: Je, farasi ataweza kujibu ikiwa mwulizaji mwenyewe halijui jibu? Akatwaa kadi zilizoandikwa tarakimu. Pengine mwulizaji aliitazama kadi kwanza. Pengine alimwonyesha farasi pasipo kuitazama yeye mwenyewe. Mwulizaji alipoijua tarakimu, Hans alijibu sawa mara 98 katika 100. Mwulizaji alipokuwa haijui, Hans alijibu sawa mara 8 tu katika 100. Tena, farasi alipozibwa pembeni mwa macho asimwone mwulizaji, alijitahidi sana kugeuza kichwa ili amwone, na asipomwona alikosea.

Ndipo siri ilipofunuka. Mtu akimwuliza Hans, huinama kidogo ili aitazame kwato. Mapigo yakifika hesabu iliyo sawa, moyo wake hutulia, na kichwa chake huinuka kidogo mno pasipo yeye kujua. Hapo Hans huacha kupiga. Watu 13 wa baraza hawakuiona ishara hiyo, lakini farasi aliiona. Hata Pfungst, aliyekwisha kuitambua, hakuweza kujizuia asiifanye. Mzee alidhani kwamba amemfundisha farasi kusoma tarakimu; kumbe farasi alijifunza kumsoma mwalimu wake.

Mzee von Osten alipopata habari hizo hakuzikubali. Alikasirika, akakataza majaribio mengine. Alikufa mwaka 1909. Lakini kitabu alichokitoa Pfungst mwaka 1907 hakikusahauliwa. Tangu hapo, mtaalamu atakaye kupima akili ya mnyama hujilinda kwanza asimpe mnyama jibu kwa uso wake au kwa mwili wake.

Ikapita miaka 70. Mwaka 1977 mtaalamu mmoja wa Marekani, bibi Irene Pepperberg, alinunua kasuku wa kijivu katika duka la wanyama karibu na Chicago, akamwita Alex. Kasuku wa jinsi hiyo asili yake ni misitu ya Afrika, toka pande za magharibi, kupita Kongo, mpaka Uganda na magharibi ya Kenya. Watu wengi hunena kwamba kasuku huiga sauti tu asijue maana. Ndiyo sababu mwanafunzi akaririye asichokifahamu huambiwa kwamba amejifunza kama kasuku.

Bibi Pepperberg alitaka kujua kama maneno hayo ni kweli. Alimfundisha Alex kwa njia hii. Watu wawili walikaa mbele yake. Mmoja alishika kitu, akamwuliza mwenziwe jina lake. Mwenziwe akijibu sawa, alipewa kitu kile, akikosea, kiliondolewa. Kasuku alitazama, akatamani, naye akajifunza kusema. Hatimaye alijua majina ya vitu vipatavyo 50, na rangi 7, na maumbo 5, na hesabu mpaka 6. Akionyeshwa vitu viwili na kuulizwa vinafanana kwa jambo gani, aliweza kujibu kwamba ni rangi, au umbo. Na kama havikufanana hata kidogo, alijibu kwamba hakuna.

Je, bibi huyu naye hakudanganyika kama mzee wa Berlin? Aliikumbuka habari ya Hans, akajilinda. Katika majaribio, mtu aliyeshika vitu hakuwa yule aliyemfundisha Alex majina hayo. Mwalimu mwenyewe alikaa pembeni, amempa ndege mgongo, asijue ni kitu gani kilichoonyeshwa. Kazi yake ilikuwa kusikia neno na kulitamka tena. Hata hivyo Alex alijibu sawa mara nyingi. Alikufa tarehe 6 Septemba 2007, naye alikuwa na umri wa miaka 31. Bibi Pepperberg hakudai kwamba kasuku wake alikuwa na lugha kama ya watu. Alisema tu yale ambayo majaribio yaliyathibitisha.

Basi, mtu asemaye na mnyama wake hafanyi upuzi. Mnyama husikiliza sauti, hutazama uso, tena huona mambo madogo ambayo watu hawayaoni. Lakini si lazima afahamu lile ambalo bwana wake anadhani amelifahamu. Walimu hao wawili walikuwa na subira, na wote wawili waliwapenda wanyama wao. Wamepitana katika jambo moja tu: bibi Pepperberg alijichunguza yeye mwenyewe kabla ya kumsifu ndege wake. Mzee von Osten hakumdanganya mtu. Lakini mtu aweza kuwa mkweli, naye amekosea.