Asakusa: Starehe Mlangoni pa Hekalu

Katika mtaa wa Asakusa, mashariki mwa jiji la Tokyo, ni vigumu kusema ibada inaishia wapi na starehe inaanzia wapi. Kiini cha mtaa ni Senso-ji, hekalu la Kibudha ambalo masimulizi yake yanaanzia mwaka 628, ndugu wawili wavuvi waliponasa sanamu ya Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibudha, ndani ya wavu wao katika mto Sumida. Waliokuja kuomba dua walihitaji pia chakula, vinywaji na kitu cha kuwachangamsha. Wenyeji wakafungua maduka, migahawa na kumbi za maigizo kulizunguka hekalu, na mpaka leo mgeni anastarehe papo hapo wanaposujudu wengine.

Mgeni huanzia lango la Kaminarimon, penye taa nyekundu ya karatasi yenye kimo cha mita 3.9 na uzito wa kilo 700 hivi. Lango lilijengwa upya mwaka 1960 kwa fedha za Konosuke Matsushita, mwasisi wa kampuni ya Panasonic, kama shukrani baada ya kupona maradhi. Ukilipita unaingia Nakamise, njia ya mita 250 yenye maduka karibu 90. Vikeki vya moto vyenye maharage matamu ndani vinanukia kila upande, lakini kula huku unatembea si adabu. Unasimama mbele ya duka ulilonunulia, unamaliza, unamrudishia muuzaji karatasi yake. Desturi hiyo naiheshimu sana, kwa kuwa inaweka njia safi bila askari wala faini.

Hekaluni kuna ramli ya yeni 100. Unatikisa kopo la chuma, kijiti chenye namba kinatoka, unafungua droo ya namba hiyo na kuchukua karatasi yako. Senso-ji inajulikana kwa kutoficha nuksi: karibu theluthi ya karatasi zake zinatabiri mabaya. Aliyepata mbaya huifunga kwenye waya uliowekwa hapo, akaiacha hekaluni.

Zipo sikukuu pia. Mwezi Mei wenyeji hubeba mabegani vihekalu vizito katika Sanja Matsuri, kuwaenzi wale wavuvi wawili na mkuu wa kijiji aliyeihifadhi sanamu. Tarehe 10 Julai, kwa imani yao, ziara moja hekaluni huhesabiwa kama ziara za siku 46,000, ndiyo maana soko la mimea la wakati huo hufurika. Kwa watoto kuna Hanayashiki, iliyofunguliwa mwaka 1853 ikiwa bustani ya maua na sasa ni uwanja wa michezo na bembea.

Lakini kwangu starehe kuu ya mtaa huu ni sento, hamamu ya umma. Wanaume upande wao, wanawake upande wao. Unavua viatu mlangoni, kisha nguo zote, bila kubakiza hata kaptula. Unakaa kwenye kigoda kidogo mbele ya bomba, unajisugua kuanzia kichwani hadi nyayoni, unajisuuza mpaka povu liishe. Hapo ndipo unapoingia kwenye bwawa, ambalo maji yake huzidi nyuzi 40. Bwawa halikusudiwi kuondoa uchafu, kwa sababu ni la wote. Taulo halitiwi majini, na simu inabaki kabatini. Ndani ya mvuke ule, mwenye duka, mzee mstaafu na mpita njia hukaa bega kwa bega, na hakuna anayejua nani tajiri.

Mila hii inapungua. Mwaka 1968 Tokyo ilikuwa na hamamu zaidi ya 2,600. Leo hazifiki 500, kwa kuwa nyumba nyingi sasa zina bafu zake. Serikali ya jiji ndiyo inayopanga kiingilio cha juu, na mwaka 2024 kilifikishwa yeni 550, bei ambayo haimtoshi kwa urahisi mwenye hamamu anayelipia mafuta na maji. Kukodi kimono na kupiga picha langoni si vibaya. Ila utakayejaliwa kufika Asakusa, ingia pia hamamu ya mtaa, lipa kiingilio chako, jioshe kwanza, kisha ukae na wenyeji.