Kioo Hakidanganyi: Kazi Safi Bila Ugomvi Nyumbani

Ukitaka kumjua mwenzi wako vizuri, anzisheni biashara pamoja. Ukitaka kumjua vizuri zaidi, ajirini watu. Hapo ndipo utakapoona yule mpole uliyefunga naye ndoa anavyogeuka mbogo akiona doa kwenye kazi ya kijana wake, na wewe mwenye mdomo unavyogeuka wakili wa utetezi.

Mimi na mume wangu tunaendesha kampuni ndogo ya kusafisha vioo hapa Dar es Salaam. Tuna vijana sita, ngazi nne, ndoo, mipira ya kukaushia na gari moja la mizigo lenye visirani vyake. Ada za watoto zinatoka humo, kodi ya nyumba inatoka humo, na mishahara ya vijana inatoka humo. Kwa hiyo kijana akilipua kazi, kinachotikisika si jina la kampuni peke yake. Hata chakula cha jioni hakiliki kwa amani.

Na kazi ya vioo, msomaji wangu, haina pa kujificha. Sakafu ukiideki vibaya, zulia litakusitiri. Kioo ukikiosha vibaya, jua la saa kumi likikipiga, kila mchirizi unaonekana mpaka kwa mlinzi wa getini. Ugumu ni kwamba bosi hayupo pale. Vijana watatu wako Upanga, watatu wako Mikocheni, na wewe uko Posta unafuatilia malipo ya mwezi uliopita. Je, utahakikishaje kazi ni safi bila kugeuka polisi? Haya ndiyo yanayotusaidia.

ELEZA "SAFI" NI NINI

Usidhani neno "safi" lina maana moja kwa kila mtu. Kijana aliyekulia kwenye nyumba ya madirisha ya mbao, kwake dirisha safi ni lisilo na vumbi. Mteja wa Masaki anataka kioo ambacho ndege atakigonga akidhani ni hewa. Kati ya hao wawili kuna shimo kubwa, na ni kazi ya mwajiri kulifukia kabla ya siku ya kwanza ya kazi.

Sisi tumeyaandika mambo matano kwenye karatasi moja, kila kijana anayo: kioo hakina mchirizi, kona zote nne zimekauka, fremu na reli ya aluminiamu hazina mchanga, chini ya dirisha hakuna matone, na hakuna kifaa kilichosahaulika. Basi. Ukiandika mambo ishirini, hakuna atakayeyakumbuka.

Mpangilio nao unafundishwa kwa mikono, haufundishwi kwa mdomo. Nyumba zetu zina nyavu za mbu na grili, hivyo kazi haianzi na kioo. Toa wavu, kung'uta, futa grili, piga brashi reli, ndipo uguse kioo, ukianzia juu kushuka chini. Ukianza na kioo kisha ukakung'uta wavu, umeosha kazi bure. Halafu kuna jua. Sabuni ikikaukia kwenye kioo cha moto huacha ukungu, ndiyo maana asubuhi tunaanza upande wa magharibi na mchana tunahamia mashariki, tukilifuata kivuli.

Kuna mbinu moja ya waosha vioo ambayo naipenda kupita zote. Ndani ya nyumba, mvute mpira kwa kulala, kushoto kwenda kulia. Nje, uvute kwa kusimama, juu kwenda chini. Mchirizi ukibaki, huna haja ya kuuliza uko upande gani: uliolala uko ndani, uliosimama uko nje. Ugomvi wa "si mimi, ni yule" unakufa hapo hapo.

KAGUA KABLA MTEJA HAJAKAGUA

Ukaguzi mzuri hufanyika maji yakiwa bado kwenye ndoo. Vijana wakishapanda gari, kurudia kazi ni mafuta mengine, muda mwingine na aibu nyingine.

Kila timu yetu ina mkaguzi wa siku, na zamu inazunguka. Leo unakagua, kesho unakaguliwa, kwa hiyo hakuna anayejifanya mkuu wa wilaya. Mkaguzi hatazami kioo akiwa amesimama mbele yake, maana hapo hataona kitu. Anasimama pembeni, anatazama kwa mshazari mwanga ukipita juu ya kioo, kisha anapitisha kidole kwenye kona. Kasoro inarekebishwa na aliyeifanya, palepale, bila mahubiri. Baada ya hapo ndipo mteja anaitwa azunguke naye. Mteja aliyekagua mwenyewe akaridhika ni nadra kupiga simu usiku.

DAFTARI LILILOMWOKOA KIJANA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: na mfanyakazi mzuri pia.

Tulikuwa na ofisi moja tuliyoihudumia kila mwezi, mkataba mnono uliobeba mishahara ya vijana wawili. Meneja wake alianza kulalamika. Mwezi wa kwanza madoa meupe kwenye vioo, mwezi wa pili vilevile, wa tatu akanipigia kwa ukali: "Dada, yule kijana wenu abadilishwe. La sivyo mkataba ukiisha hatuongezi." Kijana mwenyewe alikuwa hodari wetu, mwenye mke na mtoto mchanga. Nilipomuuliza alijibu kwa sauti ya chini, "Mama, nafanya kama mlivyonifundisha." Mume wangu alikuwa upande wa mteja. Kwa hesabu ya fedha, nani angemlaumu?

Nikaomba jambo moja: kabla hatujamwita kijana kumpa barua, tufungue daftari. Kwetu kila kazi inaandikwa: tarehe, mahali, nani aliosha upande upi, saa ya kuanza na kumaliza, maji yalitoka wapi, na mteja alisema nini. Tukakaa sebuleni na kalamu. Kijana yuleyule ndani ya miezi hiyo mitatu alikuwa ameosha nyumba na ofisi nyingine kadhaa, hakuna lalamiko hata moja. Tukarudi nyuma zaidi, kwenye siku mwenzake alipoosha ofisi ile. Lalamiko lilikuwepo pia siku moja, dogo, tukalipita. Kilichofanana siku zote za lawama kilikuwa mstari mmoja: "maji: kisima." Siku za maji ya bomba, kimya.

Jibu likawa wazi. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi. Tone la maji hayo likikauka kwenye kioo, maji yanaruka na madini yanabaki, na hayo ndiyo madoa meupe. Hakuna juhudi ya mkono itakayoyaondoa ikiwa unasuuza kwa maji yaleyale.

Tukabadilisha utaratibu. Ofisi ile tunaiendea na madumu yetu ya maji ya bomba kwa suuzo la mwisho. Madoa ya zamani tuliyalainisha kwa siki iliyochanganywa na maji, tukawa waangalifu isidondokee marumaru, maana siki huila. Kingo zinafutwa kwa kitambaa kikavu papo hapo. Mwezi uliofuata meneja hakupiga simu. Kwa muosha vioo, simu isiyolia ndiyo pongezi. Mkataba uliongezwa, na kijana yule leo ndiye kiongozi wa timu.

Fikiria kama tungemfukuza. Angekuja mwingine, akatumia maji yaleyale, tukamfukuza naye, tukaishia kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajitumi.

FAINI HAISAFISHI KIOO

Najua wapo wanaokata mshahara kila kasoro inapotokea. Kwanza, jua sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuruhusu kukata tu kwa sababu umekasirika. Ikiwa mfanyakazi amesababisha hasara kwa kosa lake akiwa kazini, ni lazima umpe kwa maandishi sababu, kiasi na namna ulivyokokotoa, umpe nafasi ya kujitetea, usizidishe hasara halisi, na makato kwa jumla yasipite robo ya mshahara wake wa fedha. Na kama kiwango chake cha kazi kiko chini, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinakutaka umwelekeze, umfundishe pale inapohitajika, na umpe muda wa kutosha wa kurekebika kabla hujafikiria kuachana naye.

Pili, faini inafundisha kuficha. Kijana anayeogopa kukatwa hatakwambia kwamba amekikwaruza kioo kwa wembe wa kukwangulia rangi. Utaambiwa na mteja.

Malipo nayo yana siri yake. Ukilipa kwa idadi ya madirisha, utapata madirisha mengi, na kona zake zitakuwa na maji. Sisi tunalipa mshahara wa mwezi, na timu inayomaliza mwezi bila kurudishwa kwa mteja inapata bahasha ndogo juu yake, igawane sawa. Hapo wenyewe wanakumbushana: "Oya, kona hiyo."

TAZAMA KIOO CHA JUU

Ukiona vioo vya chini vinang'aa na vya juu vina ukungu, usikimbilie kusema kijana mvivu. Panda ngazi yake kwanza. Mtu anayeshika ngazi inayoyumba kwa mkono mmoja hawezi kuvuta mpira sawasawa kwa mkono wa pili. Kanuni ni rahisi: kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka ukutani, na mwenzake aishike chini. Maghorofa ya kuning'inia kwa kamba tunawaachia wenye mafunzo na vifaa vyake. Hakuna mkataba unaolingana na maisha ya mtoto wa mtu.

NA NYINYI WAWILI JE?

Hapa ndipo biashara nyingi za wanandoa zinapofia. Baba anasema hili, mama anasema lile, vijana wanachagua wa kumsikiliza. Mkijigawa, wafanyakazi watakaa katikati yenu na kazi itaharibika bila mtu wa kulaumiwa.

Kwetu mambo ya ubora na mafunzo ni yangu. Wateja, ankara na gari ni vya mume wangu. Akiona kasoro ananiambia mimi, hamkaripii kijana. Mimi mteja akinililia bei, namwelekeza kwake. Hatupingani mbele ya vijana hata siku moja. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi tunakaa na vijana nusu saa, chai na maandazi, tunasoma daftari: nani kasifiwa, wapi tumerudishwa, kwa nini. Sifa tunaitoa mbele ya wote. Kasoro ya mtu mmoja anaambiwa pembeni.

Na sheria ya mwisho, hii kaibandikeni kwenye jokofu: daftari haliingii chumbani. Saa tatu usiku ikigonga, habari za ngazi na madumu zimefungwa mpaka kesho.

Kwa hiyo wewe na mwenzio, iwe mna saluni, duka la keki au genge la mafundi, anzeni wiki hii na mambo mawili tu. Andikeni kwenye karatasi moja maana ya "kazi nzuri" kwenu, kisha nunueni daftari. Siku mteja atakapopiga simu kwa hasira, ulizeni daftari kwanza, halafu ndipo mumuulize kijana. Mara nyingi mtakuta anayestahili onyo ni ndoo.