Kope Iliyolala Si Usingizi



Mwenzetu mmoja wa kiwanda cha chai alirudi kazini miezi miwili baada ya kupatwa na kiharusi. Mkono ulikuwa umepata nguvu, na maneno yalimtoka sawasawa. Lakini kope ya jicho la kushoto ilikuwa imelala, na mkanda mmoja wa mashine aliuona miwili. Nyapara akamwandikia onyo la kusinzia kazini. Nasi, lazima tukiri, tulimcheka.

Tulikosea. Kila jicho huzungushwa na misuli sita, inayopata amri kutoka shina la ubongo kwa njia ya mishipa mitatu ya fahamu. Mshipa mmoja kati ya hiyo huongoza misuli minne na pia huinua kope. Kiharusi kikiharibu sehemu hiyo, kope huanguka, macho yote mawili hayatazami tena pamoja, na kitu kimoja huonekana viwili. Huo si uvivu, si pombe, wala si uchawi.

Basi tukumbuke mambo matatu.

Kwanza, kope ikianguka ghafla, au mtu akianza ghafla kuona viwili, apelekwe hospitali saa ile ile. Asingoje zamu iishe. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa mgonjwa anayefaa kupewa, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kichwa kikiuma vikali pamoja na kope kuanguka, hatari ni kubwa.

Pili, anayeona viwili asishike mashine ya kukata, asipande ngazi, asiendeshe trekta. Akifunika jicho moja, picha ya pili huondoka, lakini kupima umbali huwa kugumu.

Tatu, wengi hupata nafuu baada ya wiki au miezi. Wengine husaidiwa kwa miwani maalumu au upasuaji. Presha ipimwe, na dawa zisiachwe.

Katibu wa tawi alipopeleka cheti cha daktari ofisini, onyo lilifutwa. Mwenzetu akapewa kazi ya stoo, mbali na mashine.

Ndugu, ukimwona mwenzako kope imelala, usimcheke. Muulize imeanza lini. Ikiwa ni leo, mkimbizeni hospitali. Ikiwa ni ya kiharusi cha zamani, mpelekeni kwa daktari, na katibu wa tawi ajulishwe. Umoja wetu uanzie hapo.