Bunduki ya Zamani au Mpya: Risasi, Chuma na Sheria

Anayelinganisha bunduki ya zamani na mpya kwa kutazama umri wake peke yake hupotea njia mapema, kwa kuwa mambo yanayoamua thamani ya silaha hiyo ni matatu: upatikanaji wa risasi zake, hali ya chuma chake, na uhalali wa kuimiliki. Historia ya silaha katika Kaunti ya Turkana, hasa kwenye ukanda wa Loima ambako Namoruputh iko kwenye njia itokayo Lodwar kuelekea mpaka wa Uganda, inalithibitisha jambo hili waziwazi.

Risasi za bunduki ni za aina kuu mbili, na tofauti yake iko kwenye fataki, yaani kemikali inayowaka inapogongwa na kuiwasha baruti. Katika aina ya kwanza, fataki imefichwa ndani ya mkunjo wa ukingo wa ganda, na pini ya bunduki hugonga ukingo huo. Katika aina ya pili, fataki huwa ni kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Risasi ndogo ya .22, ambayo kipenyo chake ni kama milimita 5.6, ni ya aina ya kwanza. Ile fupi ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1857, na ile ndefu inayotumika hadi leo ilifuata mwaka 1887. Kwa kuwa ganda lake ni jembamba ili ukingo upondeke kwa urahisi, nguvu yake ni ndogo, na kwa kawaida ganda likishatumika halijazwi tena. Nchini Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, bunduki ya namna hii inafaa zaidi kwa michezo ya kulenga shabaha.

Bunduki zilizoingia Turkana zilitumia risasi za aina ya pili. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, soko la Maji, kusini-magharibi mwa Ethiopia, lilisambaza bunduki za Gras za Kifaransa za mwaka 1874, zilizopakiwa risasi moja moja, na kusini mwa Ethiopia risasi zenyewe zilitumika hata kama fedha katika biashara. Baada ya msafara wa kijeshi wa Waingereza wa mwaka 1918, uliojulikana kwa jina la milima ya Labur, Waturkana walipoteza silaha na mifugo mingi, huku majirani wao wa upande wa Ethiopia wakiendelea kupata bunduki. Utawala wa Idi Amin nchini Uganda ulipoanguka mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na bunduki za kisasa zikaenea pande zote mbili za mpaka. Bunduki kongwe haikuachwa kwa sababu chuma chake kilikuwa kimezeeka, bali kwa sababu risasi zake zilizidi kuadimika, ilhali za silaha mpya zilipatikana kwa wingi.

Kuhusu chuma, bunduki ya zamani ya .22 inaweza kuipita mpya kwa ufundi na uimara, lakini ni lazima ichunguzwe kwa makini. Kwanza hutazamwa ukingo wa chemba, yaani chumba cha nyuma ya mtutu kinachopokea risasi, kwa sababu kufyatua mara nyingi bila risasi huifanya pini igonge chuma na kuacha kovu linalozuia risasi kuingia au ganda kutoka. Pili hutazamwa ndani ya mtutu, kwa kuwa fataki za zamani ziliacha chumvi inayovuta unyevu na kutoboatoboa chuma. Katika mazingira ya Lodwar na Kakuma, ambako vumbi haliishi, mafuta mengi ya kulainishia hugeuka tope linalosaga vyuma, kwa hiyo hupakwa kidogo sana baada ya kusafisha.

Silaha mpya nayo ina faida ya risasi na vipuri. Kiwanda cha Eldoret kinatengeneza risasi za vyombo vya usalama, na kile cha Ruiru, kilichozinduliwa Aprili 2021, kinaunganisha bunduki. Kwa hiyo polisi wa akiba anayelinda mifugo kwa idhini ya serikali anahudumiwa vyema zaidi na silaha ambayo risasi na vipuri vyake vinajulikana vinakotoka.

Kuhusu uhalali, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka raia anayemiliki bunduki awe na cheti kutoka Bodi ya Leseni za Silaha. Aidha, usalama wa mpaka haujawahi kutegemea mtutu peke yake. Mwaka 1973, huko Lokiriama, karibu na mpaka wa Uganda, Waturkana na majirani wao Wamatheniko wa upande wa Uganda walizika silaha na kufanya mapatano ambayo yanaadhimishwa hadi sasa. Kwa mwananchi anayetafakari uchaguzi huu, hukumu ni hii: aliye na cheti achague bunduki yenye chemba safi, mtutu usio na kutu na risasi zinazopatikana kihalali, hata kama ni ya zamani, na asiye na cheti aikabidhi silaha aliyo nayo kwa mamlaka, hata kama ni mpya.