Maisha katika Nyumba za Mawe za Mji Mkongwe wa Unguja

 Watu wengi huisifu milango ya kuchongwa ya nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja na mabaraza yake, lakini wachache huuliza zimesimamaje siku zote hizi, na kwa nini baadhi yake zaanguka.

Mgeni apitaye Shangani au Malindi hudhani ya kuwa kuta zile nene ni jiwe tupu. Sivyo. Ndani yake mna vipande vya matumbawe visivyochongwa, vimepangwa na kushikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Unene wake aghalabu ni dhiraa moja na zaidi. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko, ambazo zamani zililetwa kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu, na nyingine zikavushwa bahari hata Arabuni. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Kwa kuwa mti wa mkoko ukiwa mrefu mno haustahimili mzigo, vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba, upana wake dhiraa sita au saba tu. Tajiri aliweza kuongeza idadi ya vyumba na orofa; upana hakuuweza.

Chokaa yenyewe ilitoka baharini vilevile. Magogo yalipangwa mviringo, matumbawe yakarundikwa juu yake, kisha yakachomwa. Yalipokwisha kuiva yalitiwa maji yakafumuka kuwa unga mweupe, na unga huo ukalowekwa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Sakafu za juu zilipigwa kwa vipande vya miti, watu wakiimba ili mikono iende pamoja, mpaka chokaa ikakaza. Fundi wa kale hakuwa na haraka.

Sisi tuna haraka. Lipu ikibanduka, twanunua mfuko wa saruji, na kwa siku mbili ukuta umekuwa mgumu na laini, ukapakwa rangi ya mafuta. Mwaka wa kwanza nyumba yapendeza sana. Lakini ukuta wa matumbawe hunywa maji, ya ardhini na ya mvua za masika, na chokaa, kwa kuwa ina vitundu vidogo vidogo, huyaacha yatoke taratibu pamoja na chumvi yake. Saruji huyafungia ndani. Maji yaliyokosa njia hupanda, yakafika kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani. Hapo ndipo boriti ianzapo kuoza, mahali pasipoonekana na mtu. Mchwa nao huja. Mkaaji wa chini haoni ila ufa mwembamba na unga kidogo juu ya mkeka.

Je, kosa ni la fundi na saruji yake? Kwa maoni yetu, iko sababu kubwa zaidi, nayo ni jinsi nyumba hizi zinavyokaliwa. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali, na nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja ikakaliwa na jamaa kadhaa. Kila jamaa yahitaji jiko na choo, wala hapana wa kuwalaumu kwa hilo. Lakini choo kikijengwa orofani, maji yakavuja, hudondokea boriti usiku na mchana. Nyumba nyingine ni za wakfu. Nyingine ni za warithi wengi, huyu yuko Unguja, yule Oman, wa tatu Ulaya. Kodi ni ndogo. Mfereji wa bati ukizibwa na majani, ni nani atakayepanda juu ya paa kuuzibua? Kila mmoja humtazama mwenziwe, na mvua haimngojei mtu.

Mji huu ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na heshima hiyo haikuzuia msiba. Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zamani za Seyyid Barghash, lilibaki limesimama baada ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Tarehe 25 Desemba 2020, lilipokuwa likitengenezwa, sehemu yake ya mbele pamoja na mnara ziliporomoka, na watu wawili wakafa. Jumba lile lilikuwa mbele ya macho ya mji mzima. Nyumba ya uchochoroni haina wa kuitazama ila walalao ndani yake.

Hao wanaweza kuipima boriti wenyewe. Na watwae msumari mrefu, waukandamize pale mti uingiapo ukutani. Ukigoma, mti ni mzima. Ukizama kama katika muhogo uliopikwa, vitanda vihamishwe siku hiyo hiyo, na dari iegemezwe kwa nguzo. Boriti iliyooza yaweza kutolewa peke yake na mpya kutiwa mahali pake, bila ya kuibomoa nyumba, na mafundi waijuao kazi hiyo wangalipo mjini. Wakati wake ni kiangazi. Masika yakisha kuingia, ukuta uliolowa haufai kuguswa.