Ipee AI Rada ya Projekti Yako

Mbogi nyingi za kuandika kodi za programu hapa Nairobi saii zinatumia AI, na nyingi zinalia stori moja: jana hii kitu ilikuwa imeshika fom, leo imesahau zote. Ni ukweli, haijui. Iwe ni Claude Code, Cursor ama Copilot, ukifungua sesheni mpya modeli inaanza bila kujua projekti ni ya nani, inauza nini, ama mliamua nini jana usiku. Kenye inajua kuhusu kazi yako ni kenye imewekewa machoni. Ndio maana ile faili ya maelezo inasomwa sesheni ikianza, CLAUDE.md kwa wasee wa Claude Code, AGENTS.md kwa wengi wa hizo zingine, mi naihesabu kuwa kazi ya maana zaidi kwa projekti nzima. Bila hiyo, AI ni ka konda mpya kwa nganya ya Rongai: ana nguvu, ana mdomo, na hajui steji hata moja.

Cheki M-Pesa, ju hapo ndio wengi wetu tunapatia ganji. Dem anauza mitumba ya Gikomba kwa Instagram, anataka tovuti yenye mteja akibonyeza "lipa", simu inamletea pale pa kuweka PIN. Hiyo ni STK Push, na inapitia Daraja, API ya Safaricom. Ambia AI ikuchapie hiyo kitu bila maelezo. Itachapa, tena mbio, na kwa macho itakaa fiti kabisa. Halafu unaweza pata imeandika sheria ya namba yenye inakubali 2547 peke yake, na wateja wa laini za 011 wanafungiwa nje, ju zao zinaanza na 2541. Ama inaona jibu la kwanza la Daraja inadhani doo imeingia, na hilo jibu linasema tu ombi limepokelewa. Ukweli wa malipo unakuja baadaye, kwa meseji yenye Daraja inatuma kwa CallBackURL yako: ResultCode 0, mteja amelipa, 1032, amekata. Ukichanganya hizo mbili, msee anatumiwa jinzi na hajatoa hata ashu.

Sasa wengi wakiona hivyo wanakimbilia dawa mbaya. Wanakopi dokumenti zote za Daraja, mwanzo hadi mwisho, wanazimwaga kwa hiyo faili ya maelezo. Zii, buda. Modeli ina dirisha la kusoma, na dirisha lina mwisho. Claude nyingi zimekuwa na la tokeni 200,000. Kila ukurasa unamwaga hapo unakula nafasi ya kodi yako na ya mazungumzo yenu, na kama unalipia kwa tokeni, unakula pia mfuko. Na hata kama zote zimeingia, haimaanishi zimeshikwa. Utafiti wa 2023 unaitwa "Lost in the Middle" ulionyesha modeli za wakati huo zilishika vizuri zaidi kenye iko mwanzo na mwisho, halafu ya katikati ziliipoteza mara nyingi. Sheria yako ya 2541 ikizikwa kati ya kurasa, usishangae ikirukwa.

Weka kidogo, na uweke kile AI haiwezi jua kwa kusoma kodi tu. Mistari ka hii: "Namba zote ziwe 254 na tarakimu tisa; kubali 2547 na 2541." "Usitoe mzigo kabla ResultCode iwe 0." "Amount ni namba nzima, hakuna senti." "Tunatumia till, si paybill: TransactionType ni CustomerBuyGoodsOnline, na PartyB ni namba ya till." Huo wa mwisho ni wa dhahabu, ju mifano mingi huko nje ni ya paybill, na AI itafuata mifano mingi.

Zile dokumenti ndefu ziache kwa folda yake, halafu faili iseme lini zisomwe: "Ukigusa malipo, soma kwanza docs/malipo.md." Hapa kuna kitu wasee wa Claude Code hawashtukiangi. Ukiandika hiyo njia na alama ya @ mbele, faili yote inapakiwa sesheni ikianza, so hujaokoa nafasi yoyote. Iandike ka maneno ya kawaida, itafunguliwa ikihitajika.

Siri hazikai humo. Passkey na consumer secret za Daraja, namba za wateja, zote ziweke mbali, ju hii faili inaenda na kodi hadi GitHub, na Kenya tuko na sheria ya kulinda data tangu 2019. Namba ya mteja wako si mchezo.

Na usiamini maneno peke yake. Kenye umeandika kwa hiyo faili ni maelekezo, modeli inaweza yaruka. Kwa kitu ya doo, andika testi: tuma namba ya 2541, tuma jibu la 1032, ucheki ka mzigo umetoka. Testi ikifeli, kazi haijaisha, hata AI ikuapie imeisha.

Faili pia inazeeka. Mkihama kutoka till hadi paybill na mstari wa zamani ubaki, AI inaweza kuutii huo wa zamani bila kuuliza. Kwa hivyo kila mkibadilisha kitu, badilisheni na faili siku hiyo hiyo, na AI ikirudia kosa moja mara ya pili, huo ni mstari mpya wa kuongeza kwa faili. Usiachie msee mmoja kwa mbogi ndio aijue. Yule ameandika sehemu ya malipo ndiye aandike maelezo yake. Leo, kabla hujaiambia AI ikuchapie kitu ingine, fungua hiyo faili uisome yote, na ufute kila mstari si ukweli tena.